Uzazi Wangu wa Pili

Nimeutoa ushuhuda huu mara kadhaa, kanisani na kwenye kikoba chetu, na kila mara nimeufupisha: niliugua baada ya kujifungua, Mungu akanisaidia, nikapona. Watu wakasema amina, tukaendelea na marejesho. Safari hii nauandika kwa urefu, kwa sababu ule ufupi unaacha nje sehemu ambayo mama mwingine wa hapa Singe, Babati, anaweza kuitumia. Mungu alinisaidia, sibishi. Alinisaidia kwa kupitia mkunga, mhudumu wa afya wa mtaa, nesi wa afya ya akili, afisa ustawi wa jamii na mume wangu. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, na walikuwa wanaambiana.

Nina watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa Septemba 2017, na anayeijua Babati anakumbuka mwaka ule. Huku kwetu mbaazi ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo posa. Mwezi Agosti, watu wako shambani wanavuna, India ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, na mnunuzi wetu mkubwa alikuwa huyo huyo. Kilo iliyowahi kupita shilingi 2,000 ikaporomoka hadi mia chache. Wapo walioziacha zikaukie shambani, maana vibarua wa kuvuna wangekula zaidi ya thamani ya mavuno. Mume wangu alikuwa amekopa ili alime. Magunia yakapangwa sebuleni hadi yakaziba dirisha, naye akapanda basi kwenda Mirerani kutafuta bahati kwenye mashimo ya tanzanaiti. Aliniacha na mimba ya miezi minane.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Mama mkwe alikuja kunilea uzazi, na sina la kumlaumu: alinikanda kwa maji ya moto, alinipikia mtori na uji wa pilipili manga, hakuniruhusu nishike hata ufagio. Siku ya tatu nikaanza kulia. Akasema ni maziwa yanashuka, itapita, na kwa wazazi wengi angekuwa amesema kweli, kwa sababu machozi ya siku ya tatu hadi ya tano huwapata wengi na hukauka yenyewe kabla ya wiki mbili. Yangu pia yalikauka. Kilichokuja baada ya machozi ndicho kilichoniumiza: sikusikia kitu chochote. Mtoto analia, najua analia, najua natakiwa kunyanyuka, na mwili hautoki kitandani. Usiku yeye amelala, mimi macho yako juu kwenye bati nasubiri majogoo. Chakula hakina ladha. Halafu yakaja mawazo kwamba mama mkwe angemlea vizuri kuliko mimi, kwamba nikiondoka hakuna kitakachoharibika.

Nikiangalia nyuma, kila mtu aliona kipande chake. Mama mkwe aliona sahani zinarudi jikoni zimejaa. Mume wangu, kwenye simu kutoka Mirerani, alisikia naitikia "nzuri" kwa kila anachouliza. Mwalimu wa kwaya aliona kiti changu kwenye sauti ya pili kiko wazi. Kliniki, mizani ilionyesha mtoto hapandi na mstari kwenye kadi yake umelala. Na kila mmoja alikuwa na maelezo yake: huyu uchovu, huyu hasira za mume kuwa mbali, huyu imani imepoa, huyu maziwa hayatoshi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Nilikuwa kama yale magunia ya sebuleni. Yapo, yanachukua nafasi, watu wanayazunguka wakielekea jikoni.

Siku moja nilijaribu kusema. Ilikuwa kliniki ya chanjo, na sitataja kituo, maana nesi yule huenda alikuwa ameamka saa kumi za usiku na foleni yote ile ilikuwa yake peke yake. Nikamwambia, "Nesi, mimi sijisikii vizuri, sijui nina nini." Akaniuliza kama nina homa. Hapana. Tumbo? Hapana. Maziwa yanatoka? Yanatoka. Akacheka, si kwa ubaya, akasema benchi zima likisikia, "Mama, wenzako wanatafuta mtoto hawapati. Wewe umepewa mzuri hivi, unalia nini?" Benchi likacheka. Na mimi nikacheka nao.

Baada ya hapo sikusema tena. Jirani akaona nimechezewa na mtu mwenye kijicho, upande wa ukoo wakatafuta mzee wa kuniangalia, upande wa kanisa tukafunga na kuomba. Bibi mzaa mama, Mwiraqw wa zamani, hakuingia kwenye mabishano hayo. Alinisimulia tu kwamba enzi zao mama aliyefiwa na kichanga alikaa mbali na watu kwa muda mrefu, haruhusiwi kukanyaga kwa jirani, na jirani hakanyagi kwake. Alikuwa ananifariji: mimi angalau nina watu. Sikuweza kumwambia kwamba nilijiona hivyo hivyo, na sebuleni wageni wamejaa. Mtoto alipoanza kutembea, uzito ule ukaanza kupungua wenyewe. Kwa baadhi ya wanawake huondoka hivyo, kwa wengine hukaa miaka. Niliapa sitazaa tena.

Miaka ile nilidhani niko peke yangu Babati nzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wajawazito 15.6 katika kila 100, na waliojifungua 19.8 katika kila 100, wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwenye benchi la akina mama kumi wenye vichanga, karibu wawili. Na akina mama hao hawajajificha porini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya wanaojifungua Tanzania wanajifungulia kwenye vituo vya afya, na kwamba vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015 na 2016. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Lakini tafsiri yake kwangu ni kwamba mama mwenye sonona tayari amekaa mbele ya mhudumu, kadi iko mkononi, na jina lake limeshaandikwa. Kinachokosekana ni swali.

Mimba ya pili ilikuja 2023 bila kupangwa. Mume wangu alikuwa amesharudi, anaendesha bodaboda, deni la mbaazi bado linatusumbua kwa chini. Nilikwenda kliniki nikiwa na hofu ambayo sikumwambia yeyote. Mkunga alinipima presha, wingi wa damu, VVU, kaswende, yale ya kawaida. Halafu akanyanyuka, akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Mama, wiki hizi mbili zilizopita umekuwa ukijisikia mnyonge, au umekata tamaa?"

"Hapana, nesi."

"Yale mambo uliyokuwa unayapenda, hamu yake bado ipo?"

"Ipo."

Akaandika. Kisha akauliza, "Na uzazi ule wa kwanza, ulikuwaje baada ya kurudi nyumbani?"

Sikujibu. Wengi wangeniziba kwa maneno pale, wangesema haya basi, tuendelee. Yeye aliweka kalamu mezani. Nje mtoto wa mtu alikuwa analia, mwingine akaitwa jina, na bado hakuishika ile kalamu. Nikamwambia yote, hata lile la kutaka kuondoka, ambalo hata mume wangu hakulijua.

Alichosema baadaye kilinishangaza kwa jinsi kilivyokuwa cha kawaida. Aliyewahi kuugua sonona ya uzazi ana uwezekano mkubwa wa kuugua tena kuliko asiyewahi, kwa hiyo tusisubiri ije, tujipange sasa, na tunao muda. Akaniuliza pia jambo ambalo sijawahi kuulizwa na mtu wa afya: nani ajue, na ajue nini? Nikapanga mwenyewe. Mume wangu ajue yote. Mama mkwe ajue kwamba nahitaji usingizi, basi. Mchungaji asijue kitu mpaka nitakapomwambia mimi.

Utaratibu wao haukuwa mradi, hapakuwa na bango la mfadhili wala fulana. Walikuwa watumishi wachache walioamua kutumia kaunta buku moja. Ndani yake wamechora mistari kwa rula: namba ya mama badala ya jina, wiki za mimba au umri wa mtoto, alama za maswali ya mwezi ule, tarehe ya kuonana tena, na anayemfuatilia. Mara moja kwa wiki, jioni, wanaketi nalo. Mama ambaye alama zake zimeshuka anapitiwa haraka. Ambaye hazishuki, au hakuonekana kliniki, anazungumzwa kwanza. Nesi wa afya ya akili ndiye aliyekuwa na namba ya daktari bingwa, na walio katika hali ngumu aliwapeleka kwake kwa simu. Daktari huyo aliamua mambo makubwa kuhusu afya yangu na mpaka leo hatujaonana uso kwa uso. Mabingwa wa akili nchini ni wachache mno kukaa kila wilaya, kwa hiyo naona hiyo ndiyo njia nzuri ya kuwatumia: bingwa mmoja ashauri watu watano wanaomjua mama, badala ya mama kupanda basi hadi hospitali ya akili ya Mirembe kule Dodoma akatazamwe na watu kituoni.

Maswali yenyewe ni tisa. Unapewa alama sifuri hadi tatu kwa kila moja, kutegemea ni siku ngapi katika wiki mbili umesumbuliwa: usingizi, chakula, uchovu, kujiona huna maana, na la tisa, kuwaza kwamba ni heri ufe. Jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 ndipo wanaanza kukushughulikia kwa dhati. Niliyadharau mwanzoni. Lakini presha nayo ni namba tu, na hakuna mjamzito anayekataa kupimwa presha kwa sababu mwezi uliopita ilikuwa nzuri.

Mhudumu wa afya wa mtaa alikuwa mama wa makamo, mtu tunayekutana naye gengeni. Kuja kwake nyumbani hakukuleta maneno kwa majirani, maana anaingia kila nyumba yenye mtoto mchanga. Hakuwa na mahubiri. Alikuwa na karatasi ambayo tuliandika pamoja vitu vidogo vya wiki: kuoga kabla ya saa mbili asubuhi, kukaa nje nikiuangalia mlima Kwaraa wakati nanyonyesha, kwenda dukani kwa njia ndefu, kurudi kwaya hata kama ni kukaa tu. Wiki inayofuata anauliza kipi kimefanyika, kipi kimeshindikana na kwa nini. Mwanzoni niliona ni mchezo wa watoto. Baadaye nilisoma kwamba huko Pakistan, katika vijiji vya Rawalpindi, wahudumu wa kijamii waliofundishwa njia inayofanana na hii waliwatembelea wajawazito wenye sonona, na matokeo yakachapishwa 2008: mtoto alipofika miezi sita, asilimia 23 ya mama waliotembelewa hivyo walikuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya wale waliotembelewa kwa namna ya kawaida. Si kila mtu anapona kwa mazungumzo, hizo namba zenyewe zinasema hivyo. Ila tofauti hiyo imeletwa na watu ambao hawakuwa madaktari.

Afisa ustawi wa jamii sikumtegemea kabisa. Nilijua kazi yake ni matunzo ya watoto na ndoa zilizovunjika. Alikuja akauliza kuhusu deni. Alikaa na mume wangu na yule aliyetukopesha 2017, wakaandikishana malipo ya kidogo kidogo, akaondoka. Mkunga angeweza kuniuliza maswali tisa kila siku na deni lile lingekuwa pale pale kila nikifumba macho. Nasikia watu wakizungumza juu ya sonona utadhani ni kitu kilichomo kichwani tu. Yangu, nusu yake ilikuwa kwenye daftari la mkopeshaji.

Mume wangu naye alipewa zamu. Aliitwa, akakaa kwenye kiti cha kliniki akiwa na kofia ya pikipiki mapajani, akaambiwa waziwazi kwamba usingizi uliokatika ndio unaomwangusha mke wake, hivyo kuanzia saa nne usiku hadi saa nane mtoto ni wake. Nitanyonyesha saa nne, nitalala chumba kingine, nitanyonyesha tena saa nane. Alichoka, alilalamika, mama yake alimwona amembeba mtoto usiku wa manane akashika mdomo. Lakini alishika zamu. Alifundishwa pia dalili ambazo haziwezi kusubiri kikao cha jioni: mama halali kabisa usiku hadi usiku na wala hasikii kuchoka, anasikia sauti, anaona visivyoonekana, anaongea yasiyoeleweka, anaamini mtoto si wake au ana kitu kibaya ndani yake. Hali hiyo huwapata mama mmoja au wawili katika kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, na ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Nilijifungua Novemba. Presha ilipanda ghafla nikiwa kituoni, wakapiga 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wazazi, dereva akaja na gari lake la kawaida, nikapelekwa hospitali usiku. Mtoto wa kiume. Mhudumu wa mtaa aliarifiwa na mkunga kabla sijaruhusiwa, na nilipofika nyumbani alikuwa ameshapita kumkumbusha mume wangu zamu yake. Wiki mbili zikaenda vizuri. Nilianza kuamini kwamba tumeikwepa.

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili asubuhi, mlima Hanang ulishusha tope na mawe juu ya Katesh, Gendabi, Jorodom na maeneo ya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Dada yangu ameolewa kule. Yeye na watoto waliokolewa. Mama mkwe wake hakupatikana hai, na nyumba haikubaki hata msingi wa kuonyesha. Walikuja kwetu wakiwa na nguo za kuazima. Mimi mzazi, mtoto bado ana kitovu kibichi, nyumba imejaa msiba, na hakuna mtu mwenye moyo wa kuniangalia mimi, wala sikutaka waniangalie, kwa sababu nina mtoto hai na nyumba imesimama. Zamu ya saa nne ikavunjika. Kila mvua ikigonga bati, nilikaa wima.

Mhudumu wa mtaa hakusubiri siku yake. Alikuja kuhani kama jirani yeyote, akakaa mkekani na dada yangu, kisha akanifuata chumbani. Tulipofika swali la tisa nilinyamaza. Si aibu iliyonizuia safari hii, ni polisi. Kila mtu anajua kwamba kujaribu kujiua ni kosa. Liko kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217. Nilidhani nikisema tu, nimejishtaki. Akanieleza kwamba kuwaza na kusema si kosa, na kwamba nitakachosema kinakwenda kwa nesi, hakiendi kituo cha polisi. Nikamjibu ndiyo, siku kadhaa. Akauliza yanayofuata bila kupepesa: kama nimepanga lolote, kama usiku niko na mtu, nani anaweza kulala na mimi kuanzia leo. Akampigia nesi palepale, mbele yangu, nisikie kila neno.

Nasema hivi kwa ajili ya wanaotunga sheria. Kifungu cha 199 cha Kanuni hiyo hiyo kinakubali kwamba akili ya mama inaweza kuwa haijatulia kutokana na kujifungua, na kinampunguzia kosa mama aliyesababisha kifo cha mtoto wake wa chini ya miezi 12. Yaani sheria imejua siku nyingi kwamba uzazi unaweza kuitikisa akili, ila inaonyesha huruma baada ya msiba, huku kifungu cha 217 kikimtisha mama anayetaka kusema kabla. Kenya, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao kinachofanana na hicho kinakwenda kinyume na katiba. Na sisi tusogee.

Kwa hiyo nikaanza dawa. Alama zangu zilikuwa zimepita 15, nesi akazungumza na bingwa, na kwanza wakanipima damu upya kwa sababu upungufu wa damu nao unamlaza mtu kitandani. Ilikuwa chini, nikarudishiwa vidonge vya kuongeza damu, FEFO. Dawa ya sonona ilikuwa amitriptilini, ya kumeza usiku. Nilikataa kwanza kwa ajili ya kunyonyesha. Nesi akanieleza kwamba inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana, kwamba sonona isiyotibiwa nayo inamfikia mtoto, na kwamba tutamwangalia mtoto uzito wake na usingizi wake. Wiki ya kwanza nilipata mdomo mkavu na kizunguzungu nikisimama, na nafuu sikuiona. Kama ningekuwa peke yangu ningeitupa. Lakini nilishaambiwa kwamba madhara madogo hutangulia na nafuu huchelewa wiki mbili, tatu, hata nne, na mtu alikuwa anakuja kuniuliza.

Haikuja kwa kishindo. Siku moja nilijikuta nasikia njaa. Siku nyingine mtoto alipiga chafya nikacheka, halafu nikashtuka kwamba nimecheka. Kufikia Pasaka ya 2024 alama zangu zilikuwa chini ya tano. Nikataka kuacha dawa, nikaambiwa niendelee miezi sita baada ya kuwa mzima, kisha tukapunguza polepole, kwa maelekezo yao.

Sitaki mtu adhani kila kitu kilikwenda vizuri. Kuna mwezi dawa haikuwepo, nikanunua duka la dawa kwa hela ya kikoba. Mhudumu wa mtaa alipiga simu nyingi kwa vocha yake mwenyewe, na viatu vyake navijua. Na katikati ya yote yule mkunga wa kwanza, aliyeweka kalamu mezani, alipata uhamisho. Nililia siku ile; nilijua nimerudi benchi la 2017. Mkunga mpya alipoketi alifungua kaunta buku, akatafuta namba yangu, akasoma, akasema, "Karibu mama. Naona wiki hii ni zamu ya maswali. Baba bado anashika zamu ya usiku?" Watumishi wa serikali watahamishwa daima. Daftari lilibaki.

Haya si mambo ya kubuniwa Singe. Cape Town, hospitali ya uzazi ya Mowbray, mwaka 2002 wajawazito walianza kuulizwa kuhusu akili zao kliniki, mshauri akiwa jengo hilo hilo. Zimbabwe, mabibi wanasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati, na benchi hilo limeshafika Zanzibar. Dar es Salaam, wataalamu wa chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS), akiwemo Profesa Sylvia Kaaya, walifanyia utafiti vikundi vya wajawazito wanaoishi na VVU na wenye sonona. Na Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaajiri wahudumu wa afya wa jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Ninachoomba kwa wahusika ni kidogo: katika mafunzo yao yawemo maswali yale tisa, na katika bajeti iwemo vocha.

Mkunga unayesoma haya, funga mlango, uliza, na ukimaliza kuuliza subiri. Baba, chukua saa nne hadi saa nane. Na wewe mama mwenye kichanga, ikiwa wiki mbili zimepita na hujisikii vizuri, nenda kituo chochote cha afya useme, "Sina homa, naumwa moyoni tangu nijifungue, nataka mtu wa afya ya akili." Wakicheka, mwambie mwingine. Na ikiwa unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri tarehe ya kliniki: mpe mtoto mtu aliye karibu nawe, na mwambie akupeleke hospitali leo.